Simu Haiendi: Jua Ilipokwama Kabla Hujagombana na Mtu

Bibi mmoja wa Wawi kaingia kibandani kwangu hapa Chake Chake, hata hajakaa kwenye benchi keshaanza: “Mwanangu, huyu mtoto wangu wa Unguja kanibloki. Siku ya tatu leo. Nimemkosea nini mie?” Nikaipokea simu, nikampigia kijana kwa spika. Kimya kidogo, kisha ile sauti ya mwanamke: nambari unayopiga haipatikani. Bibi akanitazama kama anayesema, umeona?

Sikumjibu. Nilimwandikia kijana ujumbe mfupi kwa simu ileile ya mama yake. Haikupita dakika, jibu likaingia: “Mama, mbona hupigi siku hizi?”

Ujumbe unafika, simu haifiki. Kwa fundi, hapo ugonjwa umeshajitaja nusu yake. Kesi hii nitaimaliza hatua ya tatu, kwa sababu ukiruka za mwanzo hutaielewa.

Kwanza, njia yenyewe

Ukibonyeza kitufe cha kijani, simu hairuki moja kwa moja mpaka kwa mwenzio, hata kama amekaa baraza ya pili. Inakwenda kwenye mnara, mnara unaipeleka kwenye swichi, yaani ile mitambo mikubwa inayounganisha simu. Swichi inaangalia mambo mawili: wewe una ruhusa ya kupiga (laini haikufungwa, salio lipo)? Na unayempigia ni wa mtandao gani? Usijibu hili la pili kwa kutazama tarakimu za mwanzo. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao Tanzania akabaki na nambari yake, kwa hivyo 0777 ya leo si lazima iwe kwenye mtandao wake wa zamani.

Swichi ikishajua mtandao, inauliza daftari kuu la wateja: huyu yuko upande gani sasa hivi? Daftari halijui kama uko sokoni au msikitini. Linajua swichi inayokuhudumia, na swichi ile inajua kundi la minara uliyo chini yake. Basi minara yote ya kundi hilo inapiga mbiu kwa pamoja: fulani, fulani, una simu! Simu yako ikiisikia mbiu inaitikia kwenye mnara mmoja, na hapo ndipo inapoanza kulia.

Kila kituo katika njia hiyo kinaweza kuizuia simu, na kila kimoja kina namna yake ya kukwambia. Kazi yako ni kusikiliza.

Hatua ya 1: Piga, weka spika, hesabu sekunde

Watu wengi wakisikia “haipatikani” wanakata. Usikate, na usisikilize maneno tu. Sikiliza yamekuja baada ya muda gani.

Yakija papo hapo, kabla ya kimya chochote, maana yake mara nyingi swichi ilikuwa na jibu tayari. Mtu akizima simu yake kwa kitufe, simu huaga mtandao kabla ya kulala: mimi naondoka. Daftari linaandikwa hayupo, hakuna haja ya kupiga mbiu. Laini iliyofungwa nayo hujibiwa haraka namna hii.

Yakija baada ya kimya cha sekunde kadhaa, mbiu ilipigwa na hakuna aliyeitikia. Simu ile haikuaga. Betri imechomoka, au mwenyewe yuko shimoni, au kaingia jengo la kuta nene kama zile za Mji Mkongwe, au yuko baharini. Mtandao bado unadhani yupo. Utaendelea kudhani hivyo mpaka upite muda aliouweka mwenye mtandao, ambao simu ikikaa kimya bila kujitambulisha huhesabiwa haipo. Kwa hivyo ukipiga sasa ukapata kimya kirefu, kisha baada ya saa kadhaa ukajibiwa mara moja, mwenzio hakuzima simu. Kapotea hewani, na daftari ndiyo kwanza limekubali.

Ikilia mara moja au nusu ya mara, kisha ikakatika, simu ya mwenzio ilipatikana na yenyewe ndiyo iliyokataa. Hii ndiyo sura ya kawaida ya mtu aliyekubloki kwenye simu yake. Mtandao haujui lolote, umefikisha mzigo mpaka mlangoni. Lakini simu hazifanani. Nyengine humwachia mpigaji asikie mlio wa kuita mpaka achoke huku kwa mwenyewe kimya, nyengine hutoa mlio wa “inatumika”. Usitoe hukumu kwa dalili hii peke yake, ndoa za watu zimo humu.

Ukisikia milio mifupi mitatu bila sauti ya mtu, na skrini ikarudi ilikotoka, simu haikutoka hata kwako. Mnara umejaa au haukusikii. Kwenye mtandao wa kizazi cha pili (2G), masafa moja hugawiwa zamu 8 za kusema kwa kupokezana, na angalau moja hutumika kwa mambo ya mtandao wenyewe. Upande wa mnara wenye masafa mawili, basi, unabeba mazungumzo kama 14 hivi, ukibana zamu nusunusu utafika mara mbili yake. Sasa fikiria usiku wa mwezi kuandama, mji mzima unataka kuuliza “kumeonekana?” kwa dakika zilezile. Hakuna aliyekufungia. Ngoja, au tuma ujumbe, maana ujumbe hauchukui zamu ya mazungumzo.

Hatua ya 2: Badilisha kitu kimoja tu

Mpigie nambari ileile kwa simu ya jirani. Ikiita vizuri kwa jirani na kwako ikakatika, rudia tena baada ya nusu saa. Matokeo yakiwa yaleyale, basi ndiyo, umeblokiwa wewe kama wewe. Pole. Hapa fundi hana dawa, na mteja akinitaka nimpe “namba ya kupitia” huwa nakataa kazi.

Ikigoma kwa jirani pia, jaribu kwa jirani wa mtandao mwengine. Ikigoma kwa wote, tatizo liko kwa anayepigiwa. Ikipita mtandao mmoja na kugoma mwengine, imekwama kwenye kiungo baina ya mitandao miwili, na hilo si la kibandani.

Hatua ya 3: Uliza kama simu zimeelekezwa kwengine

Sasa tumrudie kijana wa Unguja. Nilimwandikia abonyeze *#21# kisha kitufe cha kupiga. Simu ikamjibu kwamba simu zake zote za sauti zinaelekezwa kwenye nambari nyengine, akaitambua: laini aliyoitumia Dar es Salaam miezi ya nyuma. Wakati ule alielekeza simu huko asibebe simu mbili, safari hii alipozielekeza tena kwa bahati mbaya, laini ya Dar ilikuwa drooni, imezimwa. Kila aliyempigia alipelekwa kwenye laini maiti. Ujumbe mfupi haufuati agizo hilo, ndiyo maana ulimfika. Akabonyeza ##002#, maagizo yote ya kuelekeza yakafutika, na mama yake akampigia palepale kwangu. Walizungumza robo saa, benchi langu likageuka sebule.

Agizo hili hukaa kwenye daftari la mtandao, si kwenye simu. Ukibadilisha simu, ukaifuta yote, ukanunua mpya, bado lipo. Nambari za kuulizia ni hizi: *#21# kwa simu zote, *#67# ukiwa unatumia laini, *#61# usipopokea, *#62# usipopatikana.

Angalia hapa. Kwenye *#62# mara nyingi utakuta nambari usiyoijua, na mitandaoni huzunguka ujumbe wa kuwatisha watu kwamba hiyo ni dalili unapelelezwa. Kwa kawaida ni nambari ya huduma ya mtandao wenyewe, ile inayokuletea taarifa ya waliokupigia ulipokuwa umezima. Ya kutisha ni *#21# yenye nambari ya mtu. Matapeli hupiga wakajifanya watumishi wa mtandao, wakakwambia bonyeza nyota ishirini na moja, nyota, kisha nambari wanayokusomea, reli. Ukibonyeza umewapa masikio yako: simu za wenzio na zile za kusomewa nambari za siri zinakwenda kwao. Imekukuta? ##002# mara moja, kisha mpeleke tapeli kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Hatua ya 4: Kufuli ya kupiga na kupokea

Fupi hii. *#33# inakwambia kama kupiga kumefungwa, *#35# kama kupokea kumefungwa. Kufungua kunataka nambari ya siri ya kufuli, ambayo si PIN ya laini. Usibahatishe, ukikosea zaidi ya mara tatu mfululizo huduma hiyo inajifunga. Na kabla ya yote tazama kama hukuwasha hali ya ndege au ile ya usisumbuliwe. Msicheke, mie mwenyewe nimeshatoza watu hela kwa hilo.

Hatua ya 5: Laini au simu imefungwa na wakubwa

Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa Januari 2020. Bonyeza *106# uone usajili wako. Simu yenyewe nayo ina nambari yake ya tarakimu 15, utaiona kwa *#06#. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima kwa nambari hiyo, na simu ya wizi iliyoripotiwa huzuiwa kwa njia hiyohiyo. Kipimo ni rahisi: laini yako ikifanya kazi kwenye simu ya mwengine, na laini ya mwengine ikigoma kwenye simu yako, mwenye kesi ni simu.

Hatua ya 6: Vijiti vipo, simu haiendi

Hii ni ya wavuvi, nami naipenda kuliko zote. Mkojani mmoja, mvuvi wa kisiwa cha Kojani, aliniletea simu mara mbili. Akiwa dagoni, yaani safari ya uvuvi ya mbali na kwao, kwenye mkondo baina ya Pemba na Tanga, anaona vijiti viwili vya mtandao. Akipiga, haiendi. Akirudi Wesha, inakwenda. Alishabadilisha betri kwa fundi mwengine.

Vijiti vinakwambia wewe unausikia mnara. Havikwambii mnara unakusikia. Mnara una nguvu na uko juu, simu yako ina nguvu ya wati 2 kwa juu kabisa na iko kwenye kiganja ndani ya mashua. Juu ya bahari hakuna mnazi wala kilima, mawimbi ya mnara yanakufikia mbali mno.

Kuna na jambo la pili. Zile zamu 8 ni fupi sana, kwa hivyo simu iliyo mbali lazima ianze kusema mapema kidogo ili sauti yake ifike ndani ya zamu yake. Mnara huipimia kwa vipande vya mita kama 550, na vipande ni 63 tu. Zidisha: takriban kilomita 35. Ukipita hapo kwenye mnara wa kawaida wa kizazi cha pili, hata ukipiga kelele namna gani, sauti yako inaingia kwenye zamu ya mtu mwengine na mnara unakukataa.

Nikamwonyesha kwenye mipangilio namna ya kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague. Akiwa mbali, ajaribu kila mtandao uliopo, maana simu hung'ang'ania mnara wa Pemba inaoujua hata kama wa Tanga uko karibu zaidi. Laini ya pili ya mtandao mwengine ni bora kuliko betri ya tatu.

Hatua ya 7: Ukiwapigia 100

Ikiwa yote haya hayakusaidia, piga 100, huduma kwa wateja. Usiwaambie “simu haziendi”, watakwambia uzime uwashe. Andika kwenye karatasi: nambari uliyopiga, saa na dakika, ulikuwa wapi, ulisikia nini na baada ya sekunde ngapi, na kama ujumbe ulifika. Kwa saa na nambari, mhandisi wao anaweza kuifuata simu ile kwenye kumbukumbu za swichi na kuona ilipokatikia. Mimi nimechapisha vikaratasi vya namna hiyo, viko kwenye kopo pale mezani pamoja na kalamu, na ni bure.