Kulinganisha Vipimo vya Unene wa Konea katika Macho Yenye Afya

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwenzangu wa kliniki ya macho, aliyetaka kujua iwapo namba za pakimita yake ya altrasaundi (kifaa kinachogusa konea, yaani tabaka angavu la mbele ya jicho, na kupima unene wake kwa mawimbi ya sauti) na zile za Pentacam (mashine inayopiga picha za konea bila kuigusa) zinaweza kutumika kwa kubadilishana.

Hatua ya 1. Chagua watu wasio na ugonjwa wa konea na ambao hawajawahi kufanyiwa upasuaji wa macho. Tumia jicho moja la kila mtu, kwa kuwa macho ya mtu mmoja hufanana mno kuhesabiwa kama sampuli mbili.

Hatua ya 2. Vifaa vyote vitumike katika kikao kimoja, na si mara tu mtu anapoamka, maana konea huvimba usingizini.

Hatua ya 3. Anza na mashine isiyogusa jicho. Pakimita ije mwisho, kwa sababu inahitaji matone ya ganzi, na matone hayo pamoja na mguso wenyewe yanaweza kuathiri konea.

Hatua ya 4. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Ncha ya pakimita isiposimama wima, mawimbi hupita mshazari na unene huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ikiteleza kutoka katikati, namba hupanda vilevile, kwa kuwa konea hunenepa kuelekea pembeni. Makosa yote mawili yanavuta upande mmoja, na ndiyo maana wapo wanaochukua usomaji wa chini kabisa. Mimi napendelea wastani wa vipimo kadhaa vinavyokaribiana, lakini lolote utakalochagua liamuliwe kabla ya mtu wa kwanza kuketi. Hakikisha pia kasi ya sauti iliyowekwa kwenye kifaa, ambayo kwa kawaida ni mita 1640 kwa sekunde, haibadilishwi katikati ya kazi. Pentacam nayo hutoa namba tatu: unene katikati ya mboni, kwenye kilele cha konea, na mahali penye unene mdogo kuliko pote. Ukilinganisha hiyo ya tatu na pakimita iliyogusa katikati ya mboni, utapata tofauti uliyoitengeneza mwenyewe, kwa hiyo chukua ya katikati ya mboni.

Hatua ya 5. Usiridhike na mgawo wa uwiano, yaani namba inayoonyesha jinsi vipimo viwili vinavyopanda na kushuka pamoja. Kifaa kinachozidisha maikroni 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kila mara kitaonyesha uwiano kamili na kifaa kingine. Tumia njia ambayo wanatakwimu Bland na Altman waliieleza mwaka 1986: toa usomaji mmoja kutoka kwa mwingine kwa kila jicho, tafuta wastani wa tofauti hizo, kisha ongeza na upunguze mkengeuko sanifu wake (kipimo cha jinsi tofauti hizo zilivyotawanyika) uliozidishwa kwa 1.96, upate mipaka miwili ambayo tofauti nyingi huangukia kati yake. Excel inatosha, programu ya gharama haina ulazima.

Hatua ya 6. Pima mipaka hiyo kwa matumizi. Konea ya kawaida ina wastani wa takribani maikroni 540 katikati, na madaktari wa LASIK (upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni) hulenga kubakiza angalau maikroni 250 chini ya kifuniko kilichokatwa. Kwao, mipaka yenye upana wa maikroni 30 kila upande ni mikubwa mno, hata kama wastani wa tofauti ni sifuri.