Somo: Kulala Vizuri Pua Ikiwa Imeziba

Hapa Lubumbashi, baridi ya mwezi wa Juni na wa Julai pamoja na vumbi jekundu huleta mafua katika nyumba nyingi. Mchana mtu hupumua bila taabu, lakini akishalala tu, pua inaziba. Kinachoziba si kamasi peke yake: nyama laini za ndani ya pua huvimba kwa kujaa damu, na damu hiyo huongezeka mtu anapolala kichwa kikiwa sawa na mwili. Kwa hiyo kupenga kwa nguvu hakufungui pua.

Anza na chumba. Wengi huingiza mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ili wapate joto, nami nawasihi muache kabisa. Moshi wa makala huichokoza pua iliyokwisha kuvimba, na hata makala yakiwa mekundu bila moshi wowote, hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Ongeza blanketi, mbabula ibaki nje.

Kisha safisha pua. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisijae kupita ukingo, na uache yapoe hadi yawe vuguvugu. Inama juu ya beseni, mimina kidogo katika tundu moja huku ukipumua kwa mdomo, uyaache yatoke, halafu upenge taratibu, tundu moja baada ya jingine. Maji ya bomba yasiyochemshwa yasiingizwe puani.

Ukilala, inua mabega pamoja na kichwa, kwa kuwa mto ukiinua kichwa tu, shingo hupinda. Tundu lililoziba liwe upande wa juu. Baada ya dakika kadhaa mara nyingi hufunguka.

Maswali ya wanachama

*Mtoto wangu wa miezi mitatu huachia ziwa ili apumue. Nimwekee mto?*

Hapana, mama. Mtoto mchanga alale chali, mahali tambarare, bila mto. Kabla ya kumnyonyesha, mtie tone moja au mawili ya maji ya chumvi ya duka la dawa katika kila tundu, wala usimpake dawa yenye kafuri. Akikataa ziwa, au mbavu zikibonyea anapovuta hewa, mpeleke hospitalini usiku huohuo.

*Nimetumia matone ya kufungua pua kwa wiki mbili, na sasa bila hayo silali.*

Ndugu, kama ni ya aina ya zailometazolini, ni matone hayo yenyewe yanayorudisha uvimbe kila nguvu yake inapoisha. Hayafai kuzidi siku chache. Yaache kwanza katika tundu moja, likizoea uache na la pili, na maji ya chumvi uendelee nayo.

*Mtoto wa miaka mitatu anatoka kamasi lenye harufu mbaya upande mmoja tu. Je, ni mafua?*

Huenda ameingiza shanga au punje ya hindi puani. Usijaribu kuitoa kwa kijiti, maana utaisukuma ndani zaidi. Mpeleke kwa daktari.