Namna ya Kuchambua Viambata vya Mafuta Tete ya Mchaichai

Uchambuzi wa mafuta tete ya mchaichai, yaani mafuta yenye harufu yanayogeuka mvuke kwa urahisi, huanzia kwenye uvunaji, si kwenye mashine. Vuna majani ya umri mmoja, kwa wakati mmoja wa siku, na uandike yote hayo daftarini, kwa kuwa viwango vya viambata hubadilika kadiri mmea unavyokomaa.

Katakata gramu 200 za majani mabichi, uyatie katika chupa ya lita 2 pamoja na lita 1 ya maji, kisha uyakeneke kwa kifaa cha Clevenger, chombo cha kioo kinachopoza mvuke na kutenga mafuta na maji, kwa saa 3, ukihesabu tangu tone la kwanza lidondoke. Mafuta, yaliyo mepesi kuliko maji, yataelea juu kama utando wa manjano hafifu. Yakaushe kwa salfati ya sodiamu isiyo na maji, uyahifadhi kwenye jokofu katika kichupa cheusi kilichojaa hadi shingoni. Usipuuze hilo la kujaza: mirseni, mojawapo ya viambata vya mafuta haya, huharibiwa upesi na oksijeni, na pua iliyozoea huitambua sampuli iliyochakaa hata kabla ya mashine.

Zimua mafuta kwa kiyeyushi cha heksani hadi asilimia 1, uingize mikrolita 1 katika kromatografu ya gesi, mashine inayotenganisha viambata ndani ya mrija mwembamba uitwao safu, iliyounganishwa na spektrometa ya masi, inayovitambua kwa masi ya vipande vyao, ukipandisha joto la safu kutoka nyuzi za Selsiasi 60 hadi 240 kwa nyuzi 3 kila dakika. Kila kiambata kinachotoka huonekana kwenye mchoro kama kilele.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Nerali na geraniali, ambazo kwa pamoja huitwa sitrali na aghalabu ndizo sehemu kubwa ya mafuta haya, zina fomula moja, C10H16O, na spektra (michoro ya masi za vipande vyao) zinazokaribiana mno, hata kompyuta huweza kuzibadilishana majina. Kwa hiyo pitisha pia mchanganyiko wa alkani (misombo ya kaboni na hidrojeni tu, yenye mnyororo ulionyooka) katika hali zilezile, ukokotoe kielezo cha ukawiaji, yaani namba inayoonyesha kiambata kimetoka wapi kati ya alkani hizo. Tuseme alkani ya kaboni 12 imetoka dakika ya 20.0, ya kaboni 13 dakika ya 24.0, na kilele chako dakika ya 21.6: tofauti ya 1.6 ukiigawa kwa 4.0 unapata 0.4; ukiijumlisha na 12 na kuzidisha kwa 100, kielezo kinakuwa 1240. Katika safu isiyo na ncha (ambayo bitana yake haina pande za chaji chanya na hasi) hiyo ni nerali. Geraniali hufuata karibu na 1270, na mirseni huwa imekwishatangulia karibu na 990.

Asilimia utakazopata ni za maeneo ya vilele, si za uzito, nawe uziandike hivyo katika jedwali.