Mizani ni saa ngapi? Mambo ya kuzingatia kabla ya shindano lako la kwanza la kunyanyua vyuma

Kijana wa jimu akija kuniambia amejiandikisha kwenye shindano la pawalifti, yaani kunyanyua vyuma kwa mitindo mitatu, skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani), benchi (kukisukuma ukiwa umelala chali) na dedilifti (kukiinua toka sakafuni), kabla sijamuuliza anachuchumaa na kilo ngapi, namuuliza mizani ni saa ngapi. Wengi hawajui. Tarehe wanaijua, ukumbi wanaujua, uzani walioandikisha wanaujua, ila saa ya kupimwa wanaiona ni shughuli ya waandaaji. Kumbe saa hiyo ndiyo inayopanga utakula nini wiki nzima, utakunywa nini usiku wa kuamkia shindano, na utakuwa na nguvu gani ukifika kwenye dedilifti, wakati watu wameshachoka na ukumbi umepata joto.

Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa, IPF, mizani hufunguliwa saa mbili kabla ya kundi lako kuanza, na hukaa wazi kwa saa moja na nusu. Kama mnaanza saa 3 asubuhi, mtapimwa kuanzia saa 1 mpaka saa 2 na nusu. Ukiwa wa mwisho kwenye foleni, kati ya kushuka mizani na kuanza skwati kuna nusu saa tu, na hapo bado hujapasha mwili moto. Yapo mashirikisho mengine yanayopima siku moja kabla, mtu akapata karibu saa 24 za kula, kunywa na kulala. Hii ni michezo miwili tofauti. Ushauri mwingi wa kushusha kilo nne au tano kwa kukamua maji unatoka kwa watu wanaopimwa siku moja kabla. Ukiunakili wewe unayepimwa asubuhi ileile, utapanda jukwaani mwili umekauka.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Shindano langu la kwanza nilijiandikisha uzani wa kilo 74. Jumatatu nilikuwa na 76.8. Nikaacha ugali, nikaacha wali, nikabaki na mayai, samaki na mchicha. Alhamisi jioni nikaacha na maji. Jumamosi asubuhi mizani ikasoma 73.9, nikatoka pale nimefurahi kana kwamba nimeshinda. Nikakimbilia nje, nikala chapati mbili za mafuta na mayai, nikashushia nusu lita ya mtindi. Dakika arobaini baadaye nimekaza mkanda kiunoni, tumbo limejaa, nimeingia chini ya chuma. Kilo 165 ilipanda. Kilo 177.5 niliikosa mara mbili, na jimu nilikuwa nafika 185. Kwenye dedilifti, kilo 215 iliganda magotini huku paja la kushoto likinikaza kwa mkakamao, vidole vinafunguka kimoja kimoja. Hakuna mtu aliyenidai nishiriki uzani wa 74. Ningebaki nilivyo, nikashiriki uzani wa 83, ningekuwa nimekula wiki nzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni uzani wenyewe. Shindano la kwanza shiriki kwenye uzani ambao mwili wako unaangukia wenyewe. Wenye sababu ya kushusha ni wale wanaosaka nafasi ya timu ya taifa au rekodi, na hao wana kocha wa kuwasimamia. Aliye chini ya miaka 18 asishushe kabisa, bado anakua.

La pili ni kuelewa wanga unafanya nini mwilini, kwa sababu bila kuelewa utamsikiliza kila mtu. Pigo moja, yaani kunyanyua mara moja, la kilo zako za juu huchukua sekunde chache. Nguvu ya sekunde hizo hutoka kwenye akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli, ATP na kreatini fosfeti, ambayo hujirudisha ukipumzika dakika tatu hadi tano. Ndiyo maana wapo wanaosema mnyanyua vyuma hahitaji wanga. Wanasahau mazoezi. Nguvu haijengwi na pigo moja, inajengwa na seti tano za mara tano, seti nne za mara nane, wiki baada ya wiki, na kazi hiyo inakula glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini. Na siku ya shindano yenyewe una majaribio tisa, matatu kwa kila mtindo, pamoja na seti za kupasha moto kabla ya kila mtindo, katika saa nne au tano za kukaa na kuinuka.

Mtu mzima anabeba glaikojeni gramu 400 hadi 500 kwenye misuli, na kama gramu 100 kwenye ini. Kila gramu moja inakaa na maji ya gramu tatu hivi. Piga hesabu: ukizimaliza gramu 400, yanaondoka na maji kilo moja na zaidi, na mizani inashuka kilo moja na nusu bila mafuta kupungua hata kijiko. Dada mmoja wa jimu yetu alinijia jioni moja amefurahi: "Kocha, wiki nzima sijagusa ugali, nimeshuka kilo mbili." Nikamwambia, dada, twende kwenye raki tuone. Uzito aliokuwa anaupiga mara tano, siku hiyo ulimsimamia kwenye mara ya tatu. Mafuta ya kilo moja yana takriban kalori 7,700. Kilo mbili za mafuta haziondoki ndani ya wiki moja kwa kuacha ugali peke yake. Alichopoteza ni maji na akiba ya kazi.

Basi wiki za mazoezi ule kiasi gani? Kwa anayenyanyua mara nne kwa wiki, gramu 4 hadi 5 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha. Mwenye kilo 80 anahitaji gramu 320 hadi 400. Usihesabu kwa sahani, maana sahani ya mama na sahani ya mgahawani hazilingani. Pima kikiwa kikavu. Unga wa sembe gramu 100 una wanga gramu 75 hadi 80, na mchele mkavu uko hapohapo. Robo kilo ya unga kwa siku inakupa karibu gramu 190, nusu ya safari. Nusu nyingine inatoka kwenye uji na mkate wa asubuhi, viazi vitamu, na ndizi mbivu, ambayo moja ya wastani ina kama gramu 25. Protini iwe gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili, na hiyo maharage, dagaa, mayai na maziwa vinaifikisha bila kopo la unga wa protini wa bei kubwa.

Kuhusu muda wa kula, jumla ya siku ina uzito kuliko dakika. Hata hivyo usiingie jimu na njaa. Kama unafanya mazoezi saa 12 jioni baada ya kazi, chakula cha mchana cha saa 8 kiwe na wali au ugali wa kutosha, na saa 11 ule ndizi mbili au mkate na asali. Ile hofu kwamba usipokula wanga ndani ya nusu saa baada ya mazoezi kazi yote imepotea haina msingi kwa mtu anayerudi chini ya chuma kesho au keshokutwa. Nenda nyumbani, oga, kula chakula cha usiku. Haraka ina maana kwa anayenyanyua mara mbili kwa siku moja.

Kwa sisi tunaofunga Ramadhani, siku nzito nazipeleka baada ya tarawehe. Futari ya tende, uji na maji kwanza, kisha swala, kisha chuma, na daku liwe na wali na protini. Wenye mazoezi kabla ya magharibi wafanye mepesi. Shindano likiangukia wiki moja baada ya Idi, usilenge kilo za ndoto.

Kreatini ya kuongezea, ile ya dukani, gramu 3 hadi 5 kwa siku inasaidia, lakini inavuta maji ndani ya misuli na mizani inaweza kupanda kilo moja au zaidi. Kama uko karibu na mpaka wa uzani wako, usianze kuitumia wiki mbili kabla ya shindano. Ama ulianza miezi mitatu nyuma, ama ngoja mpaka lipite.

Sasa wiki ya mwisho. Mazoezi yanapungua, kwa hiyo matumizi yanapungua, na wanga ubaki palepale, akiba ijae. Ukitaka kushusha nusu kilo au zaidi kidogo bila kugusa nguvu, punguza makapi. Siku mbili tatu za mwisho weka kando maharage, dona, mchicha na matunda yenye nyuzinyuzi nyingi, ule wali mweupe, sembe, mkate mweupe, samaki na mayai. Utumbo unakuwa mwepesi, misuli inabaki imejaa. Chumvi usiikate. Maji usiyakate. Dawa za kukojoza usiziguse: zimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, na zinavuruga madini yanayouendesha moyo. Mwenye kisukari, hasa anayetumia sindano za insulini, apange chakula cha siku hiyo na daktari wake mapema.

Kuna jaribio dogo ninalompa kila mtu alifanye mwezi mmoja kabla. Jipime usiku kabla ya kulala, jipime tena asubuhi ukishatoka msalani. Fanya hivyo siku tano. Wengi hupoteza nusu kilo hadi kilo nzima kwa jasho, pumzi na mkojo. Sasa unajua usiku wako una thamani gani. Kisha weka kikombe chako cha uji juu ya mizani ya jikoni. Kikisoma gramu 350, basi ndizo gramu 350 utakazopanda nazo kwenye mizani ya shindano ukikinywa dakika kumi kabla. Nusu lita ya maji ni nusu kilo, hakuna siri nyingine. Aliye chini ya mpaka kwa kilo mbili anakunywa uji wake kwa amani asubuhi. Aliye chini kwa gramu mia mbili anaubeba kwenye chupa ya chai, anaunywa akishapimwa.

Ukishashuka mizani, tumbo ndilo la kuangalia, maana mkanda utalibana. Lenga gramu 60 hadi 100 za wanga mwepesi: mkate mweupe na jamu, ndizi mbivu, tende, kinywaji cha glukosi. Kula kidogo kidogo, usimalize kwa mara moja. Kama ulipunguza maji, pakiti ya ORS iliyokorogwa kwenye lita moja ya maji inarudisha chumvi na sukari kwa pamoja. Chapati za mafuta, sambusa, chipsi na maziwa viache, vinakaa tumboni saa nyingi.

Katikati ya shindano, wakati wa kula ni mara tu unapomaliza jaribio la tatu la skwati, kabla hujakaa kuangalia wengine. Tende nne au tano na maji. Ukimaliza benchi, hivyohivyo, na ndizi juu yake. Watu wengi huwa hawana njaa kwa sababu ya msisimko, wakaja kuishiwa kwenye dedilifti. Usisubiri njaa. Kahawa kama umeizoea, kunywa saa moja kabla ya dedilifti. Kama hujaizoea, siku hiyo si ya kujaribia.

Yaliyobaki ni ya begi na ya kanuni. Begi lifungwe usiku: singleti (vazi la kubana la kipande kimoja), mkanda, viatu, soksi ndefu za kufunika mifupa ya miguu kwenye dedilifti, kitambulisho, chakula chote, chupa mbili za maji. Kwenye skwati usirudishe chuma kwenye raki kabla ya amri, kwenye benchi usisukume kabla ya amri, kwenye dedilifti usishushe kabla ya amri. Jaribio la kwanza liwe uzito unaoupiga mara tatu jimu ukiwa umechoka, kwa sababu ukikosa yote matatu ya mtindo mmoja huna jumla, hata kama mingine miwili uliifanya vizuri. Na ukishuka jukwaani una dakika moja kutaja kilo zinazofuata, kwa hiyo uwe umeziandika kwenye karatasi toka nyumbani.

Siku mbili tatu baada ya shindano mizani ya nyumbani itasoma kilo moja au mbili juu ya kawaida. Umekula, umekunywa, misuli imejaza akiba na maji yake. Wapo wanaoona namba hiyo wakaacha ugali tena Jumatatu. Usipande mizani mpaka Alhamisi.