Vuna mboga za majani bila kuua shina

Bustani nyingi za nyumbani hustawi wiki chache za mwanzo, kisha hubaki vijiti. Lawama huangukia mbegu au mbolea, ilhali mara nyingi tatizo ni uvunaji. Sukuma wiki iliyonyonyolewa majani yote kwa siku moja haina tena cha kutengenezea chakula chake. Itachipua kwa taabu, na majani yatakuwa madogo na magumu.

Anza na majani ya chini, yaliyokomaa lakini hayajageuka manjano. Shika kikonyo karibu kabisa na shina, kisukume chini huku ukikipinda kidogo pembeni, kitoke kizima. Ukivuta ovyo utachuna ganda la shina, na uozo huingilia hapohapo. Acha majani matano au sita ya juu pamoja na kile kichomozi cha katikati. Kwa mtindo huo shina moja huendelea kutoa mboga kwa miezi mingi. Spinachi nayo vunwa majani ya nje tu, moyo wake usiguswe. Mchicha, badala ya kuung'oa, ukate kiasi cha sentimita 15 kutoka ardhini ukiacha macho kadhaa kwenye shina. Matawi mapya yatatokea hapo. Ukianza kutoa maua, yakate mapema, na usiuache ukae na kiu, maana ukame huuharakisha kuchanua.

Shina linalovunwa kila wiki linahitaji udongo wenye shibe. Tengeneza tuta la upana wa mita 1, ili ufike katikati bila kulikanyaga, mahali panapopata jua angalau saa sita kwa siku. Changanya debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita moja ya mraba. Nasisitiza iliyooza: samadi mbichi huunguza mizizi na inaweza kuacha vimelea vya magonjwa kwenye majani utakayokula. Samadi iliyo tayari haina joto wala harufu kali, na hupukutika mkononi. Ongeza kidogo kandokando ya mimea kila baada ya wiki nne hivi.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzisia, kisha zifunike kwa udongo mwembamba tu. Usishangae spinachi ikiota miche miwili au mitatu mahali ulipoweka punje moja. Punje yake hubeba mbegu kadhaa ndani. Punguzia, ubaki mche mmoja wenye nguvu kila sentimita 30. Sukuma wiki huanzia kitaluni, na bustanini huhitaji nafasi ya sentimita 45 hadi 60.

Mwagilia asubuhi, maji yaende kwenye shina. Majani yanayolala yakiwa na maji hukaribisha ukungu.

Kila unapovuna, pindua jani uangalie chini. Vidukari hujificha huko, kwanza wachache, baada ya siku chache wamejaa na jani limejikunja. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole au wapige kwa maji. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, jaribu kwanza kwenye majani machache, kisha nyunyiza jioni upande wa chini wa jani. Ukiona mdudu wa duara, mwekundu mwenye madoa meusi, mwache: yeye na watoto wake hula vidukari. Mche ukikutwa asubuhi umekatwa usawa wa ardhi, fukua kidogo pembeni yake. Mara nyingi utamkuta sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja hapo.

Sumu ya dukani iwe ya mwisho kabisa, maana mboga hizi huvunwa mfululizo. Ukilazimika, soma kibandiko uone siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na tuta hilo liwekee alama ili mwingine wa nyumbani asiende kuchuma.