Asenati na aseniti: herufi moja inayomhusu mkulima

Kwenye kibandiko cha kopo kuukuu la sumu ya wadudu, au kwenye majibu ya maabara ya udongo, unaweza kukutana na maneno mawili yanayofanana kama pacha: asenati na aseniti. Yametofautiana herufi moja tu, lakini usiipuuze.

Yote yanatokana na aseniki, elementi yenye sumu. Wagiriki wa kale waliita "arsenikon" madini fulani ya rangi ya njano, na jina lenyewe walilipokea kutoka mashariki. Mzizi wake ni "zar", dhahabu kwa Kiajemi. Wanakemia wakaongeza miisho: "-ati" pale aseniki inaposhikana na oksijeni nne, "-iti" pale zinapokuwa tatu.

Shambani, kinachobadilisha herufi hiyo ni maji. Udongo unaopitisha hewa huwa na asenati zaidi, nayo hunasa kwenye chembe za kutu ya chuma. Ukituamisha maji kwa wiki kadhaa, hewa huisha, kutu huyeyuka na asenati hugeuka aseniti, ambayo ni kali zaidi na husafiri kwa urahisi. Mpunga huifyonza kwa njia ileile unayofyonzea silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), ndiyo maana hukusanya aseniki kuliko nafaka nyingine.

Kwa hiyo, penye aseniki, usiuache mpunga ndani ya maji msimu mzima. Zika bomba lenye matundu ili uone kina cha maji, acha maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, kisha mwagilia tena. Wakati wa kuchanua, rudisha maji. Usikaushe kupita kiasi pia, maana kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, nayo hupanda kwenye mmea.

Uwe mwangalifu na mbolea ya fosfati kwenye udongo uliochafuliwa: fosfati inafanana na asenati, hivyo huweza kuisukuma itoke iliponasa.

Palipokuwa na josho la zamani la mifugo lililotumia dawa ya aseniki, au bustani ya matunda iliyopuliziwa asenati ya risasi (sumu ya wadudu ya zamani), pima udongo kabla ya kupanda mboga. Aseniki ni elementi, haiozi, hata miaka 50 ikipita. Ukilazimika kulima hapo, mahindi au nyanya ni afadhali kuliko karoti na mchicha. Majivu ya mbao zilizotiwa dawa ya aseniki usiyamwage shambani kabisa.

Maji ya kisima nayo yapimwe. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi mikrogramu 10 za aseniki kwa lita, na kuyachemsha hakuiondoi.