Somo: Namna ya kupata kibali cha kukata barabara na kuifunga kwa muda

Maombi mengi ya kufunga barabara hayakwami kwenye fomu. Fomu kila mtu anaijaza. Yanakwama pale ofisa anapouliza, "Na hawa wanaoishi katikati watatokaje?" mwombaji akabaki anakuna kichwa. Nimekuwa mwombaji kwa muda mrefu, nikipeleka makaratasi kwa niaba ya makandarasi wa maji na umeme, kwa hiyo somo hili limelifuata swali hilo. Kila halmashauri ina majina yake ya fomu, ila mifupa ya kazi haibadiliki sana.

Hatua ya 1: Barabara ni ya nani?
Barabara kuu inaweza kuwa chini ya mamlaka ya taifa hata kama inapita katikati ya mji. Za mitaa mara nyingi ni za halmashauri, na nyingine ni za watu binafsi waliojenga eneo lao. Ukipeleka barua ofisi isiyo yake itakaa mezani mpaka uifuate, halafu utaambiwa haiwahusu. Tena usidhani barabara inaishia pale lami inapoishia. Bega, mtaro wa maji ya mvua na njia ya waenda kwa miguu kwa kawaida vyote vimo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, kwa hiyo ukichimba pembeni bado unachimba barabara.

Hatua ya 2: Kuchimba ni kibali kimoja, kufunga ni kingine
Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Unapata kibali cha kukata lami, unafurahi, unaweka mapipa katikati ya njia, polisi wanafika. Chukua Uingereza: mtu binafsi anayetaka kupitisha bomba lake chini ya barabara ya umma huomba leseni kwa kifungu cha 50 cha sheria ya kazi za barabarani ya 1991. Amri ya kufunga kwa muda hutoka kwenye sheria nyingine kabisa, ya mwaka 1984, kifungu cha 14. Kwenu majina ni tofauti, lakini uliza swali hili mapema dirishani: "Kibali hiki kinaniruhusu kuzuia magari, au kuchimba tu?"

Hatua ya 3: Jaribu kwanza kutofunga
Ofisa atakuuliza, basi jiulize wewe kabla yake. Je, unaweza kuchimba nusu ya barabara, ukafukia, ndipo uhamie nusu ya pili? Unaweza kupitisha bomba chini kwa chini kwa mashine, ukachimba shimo moja kila upande bila kugusa lami? Unaweza kufanya kazi usiku na kuacha mabamba ya chuma juu ya mtaro mchana? Kama majibu yote ni hapana, andika sababu zake kwenye barua. Barua inayosema "tumefikiria kuchimba nusu kwa nusu, lakini mtaro una kina cha mita 2 na udongo ni wa mchanga unaoporomoka" inasomwa tofauti na ile inayosema "tunaomba kufunga".

Hatua ya 4: Kilicho chini ya lami
Omba ramani kwa wenye mabomba ya maji, maji taka, gesi, umeme na nyaya za mawasiliano. Marekani wana namba moja ya simu ya nchi nzima kwa kazi hii, 811, iliyoanza kutumika 2007: unapiga, wahusika wanakuja kuchora alama za rangi juu ya ardhi. Pasipo na huduma hiyo utazunguka mwenyewe ofisi kwa ofisi. Na ukipata ramani usiiamini asilimia mia. Inakuonyesha bomba lilipokusudiwa kupita. Chimba mashimo machache ya majaribio kwa mkono, sururu na beleshi, kabla kijiko hakijashusha meno.

Hatua ya 5: Mchoro
Hapa tukae kidogo. Ni mchoro wa namna utakavyopanga vibao, koni na uzio kuzunguka kazi. Hauhitaji kuwa wa kitaalamu wa kutisha kwa mtaa mdogo, lakini lazima uwe na vipimo. Anza mbali: kibao cha kwanza cha tahadhari kiko mita ngapi kabla ya kazi? Kadiri magari yanavyokwenda kasi ndivyo kibao kinavyosogea mbali. Kisha mstari wa koni unaoyasogeza magari taratibu kutoka njia moja kwenda nyingine. Kisha nafasi tupu, isiyo na mtu wala tofali, ya kumpokea dereva aliyepitiwa. Kisha eneo la kazi lenyewe, na mwisho kibao cha kumwambia dereva yamekwisha.

Ule mstari wa koni watu huuchora mfupi mno. Mwongozo wa Marekani una hesabu nzuri ya kufunga njia moja pale ambapo upande mmoja una njia mbili au zaidi: kwa kasi isiyozidi kilomita 60 kwa saa, zidisha upana wa njia unayofunga kwa kasi, zidisha tena kwa kasi, gawa kwa 155. Njia ya mita 3, kasi ya 50: 3 × 50 × 50 ÷ 155, unapata kama mita 48. Nimeona michoro ya mita 10 kwa barabara kama hiyo. Dereva anafika hapo na breki tu.

Halafu waenda kwa miguu. Kama umefunga njia yao, wapite wapi? Si barabarani na malori. Chora njia yao yenye uzio, na mteremko mdogo pale wanaposhuka ukingo, kwa ajili ya kiti cha magurudumu na mkokoteni wa mtoto. Sehemu hii ofisa huiangalia kwa kalamu nyekundu mkononi.

Hatua ya 6: Mchepuko, utembee mwenyewe
Nitasema kosa langu. Mwaka fulani nilichora mchepuko nikiwa ofisini, kwa ramani ya simu. Ukapita, kibali kikatoka. Asubuhi ya kwanza lori la mchanga likafuata vibao vyangu hadi kwenye kona yenye ukuta kushoto na nguzo ya umeme kulia. Halikukata. Lilirudi kinyumenyume zaidi ya mita 300, utingo akikimbia nyuma anapiga bodi kwa kiganja, na foleni nzima ikirudi nalo. Tangu siku hiyo sitii sahihi mchepuko ambao sijaupita kwa gari, nikiangalia kona, nyaya zinazoning'inia, madaraja yenye kikomo cha uzito, na kama kuna mkandarasi mwingine aliyekwisha kuichimba njia hiyohiyo.

Kanuni moja ya kukusaidia: barabara ya mchepuko iwe na uwezo ule wa barabara uliyoifunga. Ukifunga njia ya mabasi, usiyapeleke uchochoroni.

Hatua ya 7: Bahasha yenyewe
Barua, fomu, mchoro, ramani za huduma, ratiba ya siku na saa, cheti cha bima ya madhara kwa watu wengine, namba ya simu ya mtu anayepokea hata saa nane usiku, na risiti ya ada na dhamana. Nakala ziende polisi, zimamoto, ambulensi, wenye mabasi na wazoa taka. Peleka mapema, na kwa kufunga barabara kabisa hesabu majuma mengi, kwa sababu tangazo kwa umma lina muda wake kisheria. Uingereza, kwa mfano, amri ya kawaida hutangazwa gazetini angalau siku 7 kabla ya kutolewa.

Hatua ya 8: Bango
Bango la "BARABARA IMEFUNGWA, SAMAHANI KWA USUMBUFU" halimsaidii mtu. Andika hivi: "Itafungwa Jumatatu saa 3 asubuhi hadi Jumatano saa 12 jioni, kati ya namba 14 na namba 40. Wakazi wataingia upande wa juu tu." Libandike siku kadhaa kabla, kwenye ncha zote mbili za barabara, na gonga milango ya watu wa katikati. Mmoja atakuambia ana mgonjwa wa kupelekwa hospitali Jumanne, nawe utajua kabla.

Hatua ya 9: Kufukia
Piga picha kabla hujakata. Kata lami kwa msumeno, mstari ulionyooka. Fukia kwa tabaka nyembamba na ushindilie kila tabaka. Ukimwaga kifusi chote kwa mara moja na kushindilia juu tu, mvua ya kwanza itakuonyesha bonde. Kisha mwite mkaguzi, kwani bila sahihi yake dhamana yako hairudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Mimi nataka kuvuta maji tu kutoka ng'ambo. Mtaa wetu una upana wa mita 4. Nikichimba nusu si inatosha, sifungi?

Jibu: Piga hesabu, ndugu. Nusu ni mita 2. Gari dogo lina karibu mita 1.8 bila vioo, na unataka lipite ukingoni mwa mtaro uliochimbwa? Hapana. Ulizia bei ya kupitisha chini kwa chini. Ikishindikana, omba kufunga kwa saa chache, siku moja, na uwe na bamba la chuma pembeni la kutupia juu ya mtaro ikija ambulensi.

Swali: Bomba limepasuka usiku, maji yanaingia nyumba za watu. Nako nisubiri kibali?

Jibu: Dharura ina mlango wake karibu kila mahali: unaweka vizuizi na taa, unaanza kazi, unawaarifu polisi na halmashauri papo hapo, na karatasi zinafuata bila kuchelewa. Ila iwe dharura kweli. Kuna wanaoita dharura kila kazi waliyosahau kuiombea, na ofisa ana kumbukumbu.

Swali: Samahani, hili liko pembeni kidogo. Tunataka kufunga mtaa kwa shughuli, tuweke hema. Utaratibu ni huuhuu?

Jibu: Dada, mara nyingi ni fomu nyingine, lakini maswali yanafanana. La kwanza litakuwa gari la zimamoto. Uingereza mwongozo wa majengo unataka mita 3.7 za njia ya gari hilo, na Marekani kanuni ya kawaida ni futi 20, kama mita 6.1. Ulizeni kipimo cha kwenu, kisha muulize mwenye hema kama litafunguka haraka. Kamba zilizofungwa kwenye nguzo za umeme ziondoeni kabisa kwenye mpango.

Swali: Nimepeleka ombi, siku zimepita, kimya. Nianze? Na ofisa mmoja ameniambia nimpe kitu kidogo mkononi.

Jibu: Kimya si kibali. Nenda na nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa, uliza lipo meza gani, andika jina la meza na tarehe. Hicho cha mkononi usikitoe. Mwambie utalipa chochote chenye risiti. Kibali kilichonunuliwa hakina kumbukumbu kwenye faili, na mtu akitumbukia mtaroni utakuwa peke yako.

Swali: Mvua imetukamata, kibali kinaisha kesho na mtaro uko wazi. Naweza kubadilisha tarehe kwa kalamu, si ni siku mbili tu?

Jibu: Usithubutu. Omba nyongeza leo, kabla hakijaisha, ueleze mvua na uambatanishe picha. Kibali kikishakufa huombi nyongeza, unaanza upya, na bima inaweza kukukana kwa siku hizo.

Swali: Mkandarasi alimaliza, akalipwa, akaenda zake. Sasa lami inazama mbele ya geti langu na barua ya halmashauri imekuja kwa jina langu.

Jibu: Kibali kilikuwa kwa jina la nani? Kama ni lako, barua imefika panapostahili, nawe ndiye wa kumdai mkandarasi. Uingereza aliyechimba hudhamini kazi yake miaka 2, na miaka 3 kwa mashimo ya kina zaidi ya mita 1.5. Angalia kibali chako kinasema muda gani, na mkataba wenu kama uliutaja. Kwa sasa weka koni mbili na kizuizi usiku wa leo, halafu ndiyo umpigie.

Swali: Vibao vya mchepuko nani anaviondoa? Kwetu vimebaki tangu kazi iishe, wageni bado wanazunguka.

Jibu: Aliyeviweka. Namba yake ya simu iko kwenye kibali, na nakala ya kibali iko halmashauri.